Ukoo wa Ah

Jumatatu, 15 Mei 1865. Kambi ya Nungunungu, machimbo ya dhahabu ya Cariboo.

Siku kubwa. Msajili mzee kaondoka. Magoti yamemshinda, kapakiwa juu ya nyumbu kama gunia la maharage, anashuka pwani. Hakuaga mtu. Nafasi yake iko wazi! Msajili wa Machimbo: chumba chake peke yake, jiko la chuma, na dirisha la kioo halisi. Langu ni la karatasi iliyopakwa mafuta ya nguruwe, na mbwa wa jirani ameshalilamba mara mbili likatoboka. Miaka mitatu niko Cariboo na hakuna aliyewahi kunikaribisha popote. Msajili atakaribishwa.

Bwana Thirlby, Kamishna wa Dhahabu, ambaye pia ndiye hakimu wetu, alituita makarani wote wawili. Alisema machimbo bado yamelazwa hadi tarehe mosi Juni. (Ndivyo tunavyosema huku: majira ya baridi vitalu vyote vinalazwa, kama wagonjwa, na hakuna ruhusa ya kuvamia kitalu cha mwenzio ati kwa sababu hayupo kazini.) Tarehe mosi vinaamka, mahakama inafunguliwa, na ugomvi wa miezi saba unaingia mlangoni kwa siku moja. Anataka orodha ya wenye vitalu ambayo akitajiwa jina tu analiona papo hapo. Atakayetengeneza orodha bora ndiye Msajili. Mwingine ataendelea kuwa mwingine.

Huyo mwingine ni Dugald Petrie. Mwandiko wake mzuri, sikatai. Akili yake ndiyo hii: sisi sote hukausha wino kwa mchanga wa kijitoni, lakini yeye akimaliza hulikung'uta daftari juu ya beseni na kuuosha ule mchanga, akitafuta dhahabu. Mwaka jana alipata chembe moja. Anaiweka kwenye kikopo cha ugoro na kuwaonyesha wageni.

Petrie atapanga majina kwa tarehe, namjua. Mimi nitapanga kwa herufi, jina la ukoo mbele. Nimepiga mistari kurasa ishirini na sita. Dirisha langu hilo, nalinusa.

Jumatano, 17 Mei.

Nimegundua jambo ambalo serikali nzima ya koloni hili haijui.

Nilianza na A, nikipekua daftari la vitalu na la leseni za biashara pia. Nilitegemea kuwakuta Abney na Ainslie, basi. Kumbe! Ah Tim. Ah Wah. Ah Keung. Ah Hing. Tena Ah Hing. Ah Sui, Ah Yau, tena Ah Wah. Nilihesabu mara tatu nikiwa nimesimama. Wachina sitini na mmoja kwenye kijito hiki, na wote ukoo mmoja. Ndugu sitini na mmoja! Nilikaa chini. Nilimfikiria mama yao.

Wengi wao niliwaandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kuligundua. Namkumbuka mmoja Oktoba, siku ambayo wino uliganda na nilikuwa nimeibana chupa kwapani ili uyeyuke. Nilimwuliza jina. Akasema, "Ah." Nilidhani kuna kitu kimemshangaza, labda ile chupa. Nilisubiri amalize kushangaa. Ndipo akasema, "Hing."

Kufika saa sita mchana ukurasa wa A umejaa. Nimeuchukua wa B, maana B kuna Bagley na Bowdler tu. Hao nimewahamishia Q, ambako hakai mtu. Alasiri wakina Ah wamevuka na kuingia C. C nimewapeleka X.

Petrie alichungulia, akauliza kwa nini Bowdler yuko Q. Nilimwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema debe tupu haliachi kuvuma, akaendelea na biskuti zake.

Jumamosi, 20 Mei.

Orodha peke yake haitoshi. Nimepata wazo kubwa kuliko orodha: shajara ya ukoo! Mti mzima wa nasaba, kutoka baba na mama hadi ndugu wote sitini na mmoja, kila mmoja na tawi lake. Kamishna atautundika ukutani. Gavana akija ataulizia nani kauchora.

Nimegundisha karatasi za kufungia mishumaa kwa uji wa unga hadi zikafika urefu wa mlango na nusu. Kisha nikaenda kibanda kwa kibanda, matope hadi magotini, kuwauliza ndugu. Hawakunifukuza. Wengi walidhani nimeletwa na ugonjwa fulani na wakanipa chai ya moto. Nimekunywa vikombe kumi na tisa.

Tatizo: wapo wakina Ah Hing wanne. Wazazi walikuwa wamechoka, nawaelewa. Ili nisiwachanganye nimeandika kwenye kila tawi alama za mtu, kibanda chake, kazi yake, kitalu chake kama anacho, na tarehe niliyomtembelea. Ah Hing wa Kwanza hayupo. Wenzake wanasema alikuwa mwoka mikate, alishuka pwani Novemba, na hajawahi kushika sururu maishani mwake. Ah Hing wa Pili anacheka kila anapoulizwa. Ah Hing wa Nne ni kinyozi.

Ah Hing wa Tatu ndiye yule wa Oktoba. Nilimtambua mara moja, naye akaniuliza habari za chupa. Mzee wa miaka hamsini hivi, kidole gumba cha kushoto hakina ncha. Kibanda chake kina mlango wa buluu, chini ya maporomoko madogo, pale pale kwenye kitalu chake. Yeye na wenzake wanne wamechimba mfereji majira yote ya baridi. Nilimwuliza waziwazi: je, wao wote ni ndugu? Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Mbali na nyumbani hivi, Bwana Karani," akasema, "tusipokuwa ndugu tutakuwa nani?"

Ushahidi wa kinywa! Nimeuandika. Nilimwuliza wamezaliwa wangapi, akasema watatu. Mtu wa haya, hakupenda kujivuna. Baba yao alilima mpunga. Nimemweka kwenye shina: Baba Ah, mkulima. Mama Ah, Mungu amlaze pema, nimemwekea maua pembeni.

Jumanne, 23 Mei.

Kamishna alikagua kazi zetu leo. Fitina tupu.

Orodha ya Petrie ni kurasa mbili na nusu. Imepigwa mistari kwa wino mwekundu. Kwenye Wachina ameandika hivi: Mchina. Mchina. Mchina mwingine. Wachina wawili, pamoja. Ndivyo hadi chini. Kamishna alisema, vizuri, fupi. Fupi! Hata kaburi ni fupi.

Yangu aliitazama muda mrefu. Aliuliza Bowdler yuko wapi. Nilimwambia Q. Aliuliza kwa nini. Nikaanza kumweleza kuhusu ukoo wa Ah, lakini kabla sijafika kwa mama akakohoa na kusema ufunguzi wa mahakama una mambo mengi, tutaona tarehe mosi kazi ya nani itasaidia. Mti hata sikupata nafasi ya kuukunjua.

Petrie ameniambia dirisha lile linavuja upepo kidogo na atalizibia vitambaa. Anasema "atalizibia". Nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 27 Mei.

Balaa.

Asubuhi aliingia Rufus Stodghill, mtu wa kutoka California mwenye mabega ya kujaza mlango. Analeta shauri mahakamani kwa siku ya kwanza. Anataka kitalu cha chini ya maporomoko madogo. Anasema daftari linasema mwenye kitalu ni Ah Hing. Ah Hing, kila mtu anajua, alikuwa mwoka mikate na kaondoka Novemba. Kwa hiyo siku vitalu vitakapoamka, hicho hakina mwenyewe, naye Stodghill atakuwa pale na vigingi vyake vya kuweka mpaka. Nikamwambia lakini kuna mzee anaishi pale. Akasema huyo mzee anaitwa Lam Kwok-hing, kibali chake cha uchimbaji kinasema hivyo hivyo, na mtu yeyote amwonyeshe yeye jina Lam kwenye daftari la mahakama.

Nilitazama L. Hakuna Lam. Nilitazama daftari la zamani, Oktoba. "Ah Hing, kitalu kimoja, maporomoko madogo." Mwandiko ni wangu. Kuna hata doa la kwapa.

Mchana mzee mwenyewe akaja. Alivua kofia. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alisema watu watano wamewasha moto juu ya udongo ulioganda kila siku tangu Novemba, wakichimba inchi kwa inchi, na juzi ndipo wamefika kwenye changarawe yenye dhahabu. Wakishindwa wanaondoka na sururu zao tu.

Kisha akanieleza juu ya Ah.

"Siyo jina, Bwana Karani. Ni namna ya kuitana tu. Mtu akinizoea ananiita Ah Hing. Jina la ukoo ni Lam, na kwetu linakaa mbele. Siku ile nilikupa kibali usome. Ulisema 'refu hilo', ukanirudishia."

Nilimwambia haiwezekani watu sitini na mmoja wote wawe na namna moja ya kuitana.

"Basi na ninyi ni ukoo mmoja," akasema. "Mista Petrie, Mista Stodghill, Mista Thirlby. Tulipofika hapa, wenzangu walidhani Mista ni kabila."

Nilimwambia hiyo ni tofauti kabisa. Lakini alipoondoka nilijisikia vibaya sana, vibaya kuliko siku ile nilipopoteza muhuri wa mahakama kwenye supu. Mzee alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Aliyekosea ni mimi.

Hata hivyo nimetafakari. Kama Ah ni neno la heshima, basi hao wote ni ukoo wenye heshima. Mti unabaki palepale.

Jumatatu, 29 Mei.

Stodghill kanialika kwa nyama ya kulungu! Mwaliko wa kwanza Cariboo. Aliniambia hajaona karani makini kama mimi. Alisema siku ya shauri atasimama mbele ya Kamishna na kutangaza kwamba daftari la Wadlow, yaani langu, halina kosa hata moja, na likisema Ah Hing ni Ah Hing. Alisema Kamishna atasikia, na Msajili hachaguliwi kwa mistari myekundu. Akaniongezea mchuzi.

Nikikiri kosa, kwaheri dirisha. Nani atampa usajili karani aliyeona jina refu akalirudisha? Nikinyamaza, Msajili ni mimi, na mzee Lam na wenzake wanabeba sururu. Nyama ilikuwa laini. Niliiacha sahanini.

Mpango wa kwanza: nitakwangua "Ah Hing" kwa kisu na kuandika "Lam Kwok-hing" juu yake. Nilikinoa kisu. Petrie akakaa mezani siku nzima, karibu na daftari, akila biskuti na kuangusha makombo kwenye Oktoba. Nilimwambia nadhani nyumba yake inaungua. Akasema haendi kokote, aliijenga mwenyewe, anaijua, haishiki moto.

Mpango wa pili nimeupata nikiwa navaa buti. Mpango wa kishujaa! Sitakiri wala sitanyamaza. Nitasema daftari liko sahihi, kwamba ni Ah Hing kweli, ila ni Ah Hing wa Tatu. Daftari linashinda, mzee anashinda, mimi nashinda. Nitaupeleka mti. Sijui kwa nini watu huona maisha magumu.

Alhamisi, 1 Juni.

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mahakama ilijaa hadi watu wakasimama kwenye stoo ya mishumaa. Mzee Lam alikaa benchi la mbele na wenzake wanne, nguo zimefuliwa, matope yamekwanguliwa butini. Stodghill alisimama, akalisifu daftari langu kwa maneno matamu ambayo sitayasikia tena duniani. Halina kosa, akasema. Limeandikwa na mtu makini. Linasema Ah Hing, na Ah Hing ni mwoka mikate, na mwoka mikate yuko pwani anaoka mikate.

Kamishna alimgeukia kwanza Petrie: orodha yake inasema nini kuhusu maporomoko madogo? Petrie alisoma kwa sauti nzuri.

"Mchina."

Kamishna akauliza yupi. Petrie akageuza ukurasa, akaurudisha. "Mmojawapo, Bwana Kamishna."

Kulikuwa na kicheko huko stoo. Ndipo nikaitwa mimi, nikakunjua mti. Ulihitaji watu wawili kuushika, na unga uliokauka ulidondoka kwenye meza ya hakimu. Kamishna alivaa miwani. Alisoma shina kwa sauti: "Baba Ah, mkulima. Mama Ah, Mungu amlaze pema." Aliuliza kama yale ni maua. Nilisema ndiyo. Wachina wa benchi la mbele walikuwa wameinama wote, mabega yanatikisika. Mmoja alitoka nje na tukamsikia huko. Kicheko kilifika kwenye benchi la pili, kikafika kwa Petrie, kikafika kwa mbwa, naye akabweka. Mzee Lam alifuta machozi kwa ile kofia yake.

Kamishna hakucheka. Alikuwa anapanda mti kwa kidole, tawi kwa tawi. Chumba kilipotulia akasoma: "Ah Hing wa Kwanza. Mwoka mikate. Alishuka pwani Novemba. Hajawahi kushika sururu, hana kitalu." Akasoma tena: "Ah Hing wa Tatu. Gumba la kushoto halina ncha. Mlango wa buluu, chini ya maporomoko madogo, kitalu chake, alikisajili Oktoba. Alinipa chai." Aliuliza tarehe ya matawi yote mawili. Nikamwambia ishirini Mei, iko pale pembeni. Akamwuliza Stodghill shauri lake alilileta lini. Ishirini na saba. Kwa hiyo, akasema Kamishna, karani aliyaandika haya kabla hajajua kuna ugomvi.

Akamwomba mzee Lam aonyeshe gumba. Mzee akalinyanyua juu, chumba kizima kikaliona.

Stodghill akaruka. Hata hivyo, akasema, jina ni jina, na Lam halimo. Kamishna akaniangalia. Aliniuliza, kwa kiapo, kama mtu aliyesimama mbele yangu Oktoba alikuwa huyu.

Hapo ndipo mpango wangu wa kishujaa ulipokwama. Nilikuwa nimejiandaa kusema daftari liko sahihi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mzee alikuwa ananitazama, gumba bado liko juu, amesahau kulishusha, na nilichosikia kikitoka ni kwamba ndiyo, ni yeye, na alinipa kibali chenye jina lake lote, Lam Kwok-hing, nami sikulisoma kwa sababu niliona refu na nilikuwa na chupa kwapani.

Nililiona dirisha likiondoka na jiko likilifuata.

Kamishna akaandika kwa muda. Kisha akasema uvivu wa karani hauwezi kumnyang'anya mtu jasho lake. Kitalu ni cha Lam Kwok-hing na wenzake wanne, Stodghill ang'oe vigingi vyake kabla ya jua kuzama. Wale wanne walisimama kwa pamoja. Mzee Lam alibaki amekaa, mikono magotini, akipumua. Mimi nililia kidogo, nikasingizia unga.

Jioni hii mzee alipita mlangoni kwangu na samaki mkavu aliyefungwa kwenye karatasi. Aliniambia nimeandika upuuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona, tena kila neno la kweli. Sikumwelewa vizuri. Alinishika mkono muda mrefu.

Jumamosi, 3 Juni.

Msajili wa Machimbo! Mimi! Crispin Wadlow!

Nilikuwa naweka soksi zangu kwenye sanduku, nikitegemea kufukuzwa. Kamishna alituita wote wawili. Alimwambia Petrie kwamba ana orodha safi isiyomjua mtu hata mmoja. Aliniambia mimi nina orodha ambayo Bowdler yuko Q, na mti ambao ataukumbuka akiwa kitandani anakufa, lakini nilikwenda kila kibanda, nikauliza, nikaandika nilichokiona na tarehe yake. "Kuuliza si ujinga, Wadlow," akasema. "Ujinga ni kile ulichokiandika baadaye. Lakini hicho kinaweza kufutwa."

Kisha akainama karibu na kunipa amri moja tu. Kila mtu anayekuja kusajili, nisome kibali chake, herufi kwa herufi, na niandike jina lililoandikwa humo. Nisibuni chochote. Aliniuliza kama nimeelewa. Nilisema nimeelewa kabisa. Mambo ya majina ya Wachina nimeyakamata sasa, hakuna atakayeniweza.

Nimerudisha Bowdler B. Wakina Ah nimewatawanya kila mtu kwao: Lam, Chan, Wong, Leung. Kazi ya siku nzima. Mzee Lam alikaa kando akinisomea vibali, akicheka kila tukifika kwa Ah Hing mwingine. Nimehamia chumba kipya. Nimewasha jiko. Nimekaa mbele ya kioo saa moja nikitazama nje. Petrie alipita mara mbili kwenye matope na mara zote mbili nilimpungia mkono.

Jumanne, 6 Juni.

Asubuhi nzuri. Msafara wa nyumbu umewasili kutoka kusini, na wachunga nyumbu wanne wa Meksiko wamechoka kubeba unga wa wenzao. Wanataka kitalu chao kule juu ya kijito. Walipanga mstari mbele ya meza yangu, kofia mkononi, waungwana watupu. Nilimsikia mmoja akimwita mwenzake, kwa heshima kubwa, Don Anselmo. Huyo akamjibu Don Refugio. Nyuma yao, Don Hilario na Don Crescencio.

Ndugu wanne! Na hawafanani hata kidogo. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja ana nywele nyekundu. Nilijua papo hapo. Jicho la Msajili si jicho la karani.

Ukurasa wa D ulikuwa na Davies na Dunstan. Nimewahamishia Z, wakina Don wapate nafasi ya kutosha, maana misafara miwili zaidi iko njiani na nimesikia huko nako Don ni wengi. Petrie alisimama na biskuti mkononi, akafungua mdomo. Nilimwambia akae. Nilimkumbusha kwamba kati yetu sisi wawili, aliyefundishwa mambo ya majina na mahakama yenyewe ni mimi.

Don Anselmo alinisukumia kibali chake mezani na kukigonga kwa kidole, mahali palipoandikwa jina. Refu hilo. Nilikikunja vizuri, nikamrudishia kwa adabu zote, na kumwambia asijisumbue.